Kofia ya Viua
Leo nimerudi hotelini hapa Beijing nikiwa nimevaa kofia ambayo si yangu, na kabla mke wangu hajapiga simu ya video kutoka Unguja, naomba nyinyi muwe mashahidi wangu. Habari za viza na za ile orodha ya vitu nilivyoagizwa na majirani sizielezi, kwani hakuna asiyezijua.

Mimi si mtu wa kulalamika. Niliutembelea Ukuta Mkuu pale Mutianyu, nikateremka kwa kigari cha kuserereka huku magoti yakinigusa kidevu, nikanyamaza. Katika Hekalu la Mbinguni niliwakuta wazee wakicheza karata barazani, nikatamani bao, nikanyamaza. Kila nilipoomba maji mkahawani nililetewa ya moto, katika jua la kuanikia dagaa, nayo nikayanywa.

Leo, hata hivyo, nilikwenda Mji Uliokatazwa, kasri lililokamilika mwaka 1420 na kukaliwa na wafalme 24, ambamo mgeni huingia kwa lango la kusini na kutokea kaskazini, baada ya karibu kilomita nzima ya nyua na ngazi za mawe ambazo wafalme wenyewe walibebwa kuzipanda. Nilipofika bustani ya nyuma niliketi chini ya mberoshi mkongwe, nikavua kofia nijipepee, nikaiweka kando. Nilipozinduka nilikuwa nje ya lango la kaskazini, na upepo ukinipiga utosini.

Kofia yenyewe ni ya viua, kazi ya mkono wa mke wangu, miezi minne ya kushona tundu moja moja. Nikamwendea kijana wa ulinzi, naye kwa adabu akaninyooshea simu yenye programu ya kutafsiri. Nikasafisha koo, nikasema kwa Kiswahili cha mimbarini: “Ndugu yangu, nimesahau kofia ya viua bustanini.” Simu ikanena kwa Kichina, na kijana akarudi hatua moja nyuma. Akaisemesha naye, ikanijibu kwa sauti ya mwanamke mtulivu: “Unataka kumuua nani?”

Nikakumbuka viuatilifu na viuavijasumu, nikaelewa kwamba mashine imeniuza. Nikaharakisha kusahihisha: “Si kuua, ni ua! Ua dogo! Ua, ua, ua!” huku nikichora vitundu hewani kwa kidole cha shahada. Wenzake wawili wakasogea. Hebu mnitazame, mtu mzima mwenye wajukuu, niliyeitwa mzee hata na wazee wenzangu, nimesimama mbele ya walinzi watatu nikipaza sauti “ua” kama niliyepagawa, na kila ninavyofafanua ndivyo simu inavyozidi kunitia hatiani! Mwishowe nilijipiga kipara kwa viganja vyote viwili, pa, pa, pa, ndipo mmoja akacheka, wote wakacheka, na simu ikatoa sentensi yake ya kwanza yenye akili: hapa ni pa kutokea tu, na kesho Jumatatu kasri hufungwa. Ndege yangu ni kesho. Puyi, mfalme wa mwisho, naye alitolewa humo mwaka 1924, lakini sijasikia kwamba aliacha kofia.

Nikavuka barabara, nikapanda kilima cha Jingshan, kilichorundikwa kwa udongo uliochimbwa kwenye handaki la maji linaloizunguka kasri, nikaanza kuitafuta miberoshi baina ya mapaa ya vigae vya manjano, kana kwamba macho yangu yangeweza kuiokota kofia kutoka huko juu. Bibi mmoja akaja kuomba kupiga picha nami, wakafuata wenzake sita, kila mmoja kwa zamu yake, na kipara kikimeta katika picha zote. Yule wa kwanza alinihurumia kwa jua, akavua kofia yake akanivika, akaifunga utepe chini ya kidevu changu, na kila nilipotaka kuifungua alinipiga kofi la mkono. Ni ya waridi, ina ukingo mpana, na imejaa maua, makubwa kama sahani za chai.