Fundi wa Posta na Mashine Yake

Wengi huenda Bletchley Park, kituo cha Uingereza kilichovunja misimbo ya Wajerumani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kwa ajili ya Enigma, mashine yao ya kuficha ujumbe, na jina la Alan Turing, mwanahisabati aliyesaidia kuivunja. Nami nilianzia huko, kwenye jumba kubwa na vile vibanda vya mbao. Kilichonishika hasa kiko jirani, katika Makumbusho ya Taifa ya Kompyuta: Colossus, moja ya kompyuta za kwanza za kielektroniki, tena inafanya kazi.

Joto lake unalisikia kabla hujaifikia. Ina valvu za vioo mfano wa balbu zipatazo 2,500, na utepe wa karatasi wenye matundu unapita mbio, herufi 5,000 kwa sekunde. Iliundwa kusaidia kujua Wajerumani wamepangaje magurudumu 12 ya Lorenz, mashine iliyoficha mawasiliano ya Hitler na majenerali wake. Mwanahisabati Bill Tutte aliung'amua muundo wa ndani wa Lorenz bila kuiona, kwa penseli na karatasi tu, kwa sababu Agosti 1941 mpelekaji mmoja wa Kijerumani alirudia ujumbe mrefu bila kubadili mpangilio wa magurudumu, huku akifupisha maneno hapa na pale, hivyo jumbe hizo mbili zikaweza kulinganishwa. Nilisimama muda mrefu nikiuwaza uchovu wa mtu yule.

Aliyeibuni Colossus ni Tommy Flowers, mhandisi wa Posta, mtoto wa mwashi wa mashariki mwa London. Ilianza kazi mapema 1944, ikiendeshwa na wanawake wa jeshi la majini kwa zamu, mchana na usiku. Vita vilipokwisha Flowers aliamriwa achome michoro yake, akaichoma, akanyamaza kwa miaka mingi. Kwangu mimi hiyo ni dhuluma, na jina lake lilistahili kutajwa sambamba na la Turing. Mashine ninayoiona leo imejengwa upya na Tony Sale na wenzake kwa picha chache na vipande vya michoro ambavyo baadhi ya mafundi walivihifadhi.

Ndipo nikakumbuka kwetu. Mwaka 1942, kwa kuwahofia Wajapani, Waingereza walihamisha wavunja misimbo wao kutoka Colombo hadi Mombasa, wakaichukua shule ya Allidina Visram, na huko wakavunja msimbo wa meli za biashara za Japani. Nimepita nje ya shule ile mara ngapi, sijui lolote! Nikirudi, nitabisha hodi langoni niombe kuonyeshwa vyumba.