Firigisi Yangu Iko Wapi?

Niko chini ya mparachichi tangu saa moja asubuhi. Nimeipa nyumba mgongo. Chai nimeikataa mara mbili, ya mara ya tatu haijaletwa, na hilo nalo nimelitia akilini. Jana, tarehe 25 Desemba, katika boma langu mwenyewe hapa Bunyore, magharibi mwa Kenya, mwendo wa bodaboda ya shilingi 50 kutoka soko la Luanda, mbele ya watu 31 wanaoniita Baba, Kuka (ndiyo babu), Mzee na Mwenyekiti, niliwekewa sahani ya kuku isiyo na firigisi.

Paja lilikuwepo. Kidari kilikuwepo. Mchuzi ulikuwepo, umetiwa dania kama wa hotelini, dania ambayo hakuna aliyeniuliza kama naitaka. Lakini imondo, ndiyo hiyo firigisi? Wapi! Nikapekua kwa kijiko. Nikapekua kwa kidole nikijifanya napoza. Nikainua paja nikachungulia chini yake kama mtu aliyeangusha shilingi. Kisha nikasema "Amina" kwa sauti kubwa, ingawa maombi yalikuwa yamekwisha zamani, ili watu wanyamaze nipate kuwaza.

Sitaanza kueleza firigisi ni nini kwa mwenye boma. Wa huku mnajua, wa kwingine mna majirani. Niseme tu kwamba mkwe akija ukamchinjia jogoo, na firigisi isionekane mezani, hajala. Atamaliza jogoo mzima, atavunja mifupa, atalamba vidole hadi kwenye kiwiko, na akifika kwao atasema alipewa maji ya moto.

Dalili zilikuwepo tangu walipoanza kufika tarehe 22. Nauli ya kutoka Nairobi mnaijua, sitawatonesha kidonda. Kifunguamimba wangu, mtu mzima mwenye kitambi na cheo, alilipa mara mbili ya kawaida na bado akakalishwa kwenye sambaza, ule ubao wa katikati ya viti, kutoka Nakuru hadi Kericho, amepakata trei ya mayai ya mtu asiyemjua. Alishuka hapa akitembea upande upande kama kaa.

Enzi zangu, nikiwa karakana ya reli Nakuru, Krismasi ilianza kwenye garimoshi. Mnapita Molo mnatetemeka, Londiani mtu anatoa blanketi, Fort Ternan mnalala, Muhoroni mnaamshwa na harufu ya miwa, Kisumu hiyo hapo. Unapanda lile la Butere, unashuka Luanda na sanduku la mbao na mikate sita. Mikate sita! Kijiji kizima kinajua umerudi. Siku hizi mjukuu anakuja na begi la magurudumu, analiburuta kwenye kokoto na matope hadi magurudumu yanabaki njiani, na ukilifungua ndani mna chaja nne. Mmoja hakunisalimia. Aliniuliza nywila ya intaneti. Nikamwambia nywila iko nyuma ya choo, ina mpini, aichukue akapalilie ndizi.

Halafu fulana. Kitindamimba wangu alichapisha fulana za ukoo, nyekundu, kila kichwa shilingi 800, na kichwa changu nililipa mwenyewe. Mgongoni imeandikwa KUKA kwa herufi kubwa, kana kwamba bila maandishi watu wangenidhania mtoto wa darasa la nne. Nayo inabana. Nimekaa ndani yake kama soseji.

Stima ilipotea tarehe 24 saa moja jioni. Mnajua. Wakala wa pesa pale sokoni alikuwa na foleni na hana pesa. Chapati zilihesabiwa, mbili mbili, na mtu akazisimamia. Mvua nayo ikamwagika viti vya kukodi vikiwa nje, na hili linaniuma zaidi kwa sababu sisi Wanyore ndio wenye watu wa Nganyi, waleta mvua ambao hata wataalamu wa hali ya hewa wa serikali walikuja kuketi nao walinganishe utabiri. Mvua yetu wenyewe, na inatunyeshea bila taarifa.

Yote hayo niliyameza. Krismasi ni uvumilivu. Lakini firigisi sikuimeza, na hapo ndipo shida ilipo.

Basi nikaunda tume. Katika nchi hii kitu kikipotea hakitafutwi, kinaundiwa tume, nami ni raia mwema. Niliifungua jana saa tisa unusu, hapa hapa chini ya mparachichi, nimekalia kile kiti changu cha kamba. Mjukuu wangu anayesomea sheria chuo kikuu akateuliwa kuwa katibu. Kosa langu la kwanza.

"Kuka," akasema, "wewe ndiwe mlalamikaji. Huwezi kuwa mlalamikaji na jaji."

"Na ni mwenye mparachichi," nikamwambia. "Andika."

Shahidi wa kwanza alikuwa mke wa mwanangu mkubwa, aliyesimamia jiko. Alisimama upande, mbali, kama desturi ya mkaza mwana na baba mkwe inavyotaka, akanijibu huku akiutazama mlingoti wa antena. "Baba, mimi nilipika kilicholetwa jikoni." Swali lingine lolote nililouliza, jibu lilikuwa lile lile, na macho yale yale kwenye antena. Nimewahi kuwaona mawaziri kwenye runinga wakihojiwa. Hawamfikii.

Shahidi wa pili, kijana wa miaka 19, ndiye aliyechinja. Huyu amezaliwa Nairobi na kukulia huko, anajua kuku anayetoka kwenye friji akiwa uchi. Alichinja huku simu imeegemezwa kwenye ndoo inamwonyesha video, na mara mbili video ilikatika akabaki ameshika shingo anasubiri mtandao. Kuku naye akisubiri.

"Ulipompasua uliona nini?"

"Kuka, niliona yule kuku ni mgonjwa."

"Mgonjwa vipi?"

"Ndani kulikuwa na kitu kigumu, kama uvimbe. Nikakipasua nikakuta mawe."

Wazee wawili waliokuja kusalimia wakavua kofia. Nilishika mti. Firigisi ya jogoo niliyemlisha mahindi yangu tangu Mei, mwanamume huyu aliiona ni uvimbe! Changarawe zake akaziita mawe, kama mtu wa hospitali!

"Ukafanya nini, mwanangu?" Sauti yangu ilikuwa ya upole. Nilijishangaa.

"Nilitaka kuitupa. Kukhu akanipiga mkono. Akaosha, akamenya ile ngozi ya manjano, akaenda nayo."

Kukhu. Ndivyo wanavyomwita nyanya yao, mama watoto wangu. Hilo jina lilipotajwa, upepo ulibadilika. Nilitaka kuahirisha kikao, lakini katibu alikuwa ameshaandika.

Paka alihojiwa bila kuwepo. Shahidi wa nne, mtoto wa miaka sita, alikiri kula ini, na alipoulizwa alipewa na nani, akasema Kukhu. Shahidi wa tano alikiri kula kichwa na miguu, alipewa na Kukhu. Jirani yangu, ambaye hakuitwa, alikiri kupelekewa bakuli zima kupitia uani. Na nani? Hata sikuuliza.

Ndipo yule katibu wangu akainua kalamu. "Kuka, ninaomba kujua. Leo walichinjwa kuku wangapi?"

"Wanne."

"Kila kuku ana firigisi ngapi?"

Nikanyamaza. Wale wazee wawili wakanyamaza. Mimi nimefanya kazi reli, nimehesabu mabehewa gizani, nimehesabu mataruma, na tangu 1979 nilipooa naletewa firigisi moja kwenye sahani kila Krismasi, wachinjwe kuku wawili, wachinjwe watano, moja. Na sijawahi, hata siku moja, kupiga hesabu.

Mama watoto alitoka jikoni anajifuta mikono kwa leso. Hakuitwa. Alikuja tu, akasimama mbele ya tume kama mtu aliyekuja kuikagua.

"Mzee, unatafuta nini?"

"Natafuta haki," nikasema.

"Mwaka tuliooana," akaanza, na hapo nikajua jua litatua, "ulikuja na rafiki yako wa reli bila kusema. Kuku alikuwa mmoja. Mkala, mkamaliza, mkaomba maji ya kunawa. Mimi nikabaki na sufuria. Mama yangu alikufa hajaonja kuku, wala yai, aliambiwa kwa mwanamke ni mwiko. Sasa mimi mwiko ndio huu ninaoushika kila siku. Nani atanizuia kuuonja?"

Wanawake walikuwa wamejaa dirishani. Walicheka hadi sufuria ikaanguka. Mke wa mwanangu, yule wa antena, aliiacha antena.

"Kuku wakiwa wawili," akaendelea, "ya kwanza yako, ya pili yangu. Miaka yote. Wakiwa watatu, mbili zangu, mpishi huchoka. Leo walikuwa wanne. Mbili nilikula. Moja nilimpa huyu mtoto aliyechinja, alikuwa anatetemeka. Na ya nne niliiweka kwenye sahani yako kwa mkono wangu huu. Mimi ni mwizi wa firigisi tatu, Mzee. Mwizi wa ile ya nne usiniulize."

Akarudi jikoni. Aliniachia firigisi tatu za kusamehe na moja ya kutafuta.

Niwaambie ukweli, usiku sikulala. Si kwa njaa. Nilikuwa napiga hesabu. Krismasi, Pasaka, harusi, mazishi, ubatizo, siku ile askofu alipokuja, siku mwanangu alipopata kazi. Nimefika 60 na kitu, zote zimepita chini ya pua yangu, nami nikiwa nimekaa pale kichwani mwa meza, nimechomekea leso shingoni, najiona mfalme. Na yeye kila mara ananiuliza, "Imeiva vizuri, Mzee?" Alijuaje kuuliza vile, kama hakuwa ameionja ya kwake kwanza!

Asubuhi katibu akaniletea ushahidi mpya. Dada yake, yule mpenda picha, huwa hali kabla hajakipiga chakula picha na kuitupa kwenye kundi la ukoo la WhatsApp. Jana aliipiga sahani yangu. Nikavaa miwani. Nikaiona! Firigisi yangu, imelala juu ya paja, inang'aa kwa mafuta, nzuri kama pete. Na pembeni ya picha, umeingia mkono. Vidole viwili vimeshaigusa. Mwizi huyo hapo, mchana kweupe, saa nane na dakika 12.

"Mkono wa nani?" nikauliza nikitetemeka.

"Haijulikani, Kuka. Imeonekana mkono wa fulana tu."

"Fulana ya rangi gani?"

Katibu akainamisha kichwa.

Watu 31. Fulana 31, na yangu ya 32. Nyekundu zote. Shilingi 800 kila moja, na moja nimelipa mimi.

Sasa nina fikira ya kuwapanga mstari niwapime vidole, lakini nusu yao wameshaanza kufungasha, maana ukingoja tarehe 2 hutapata gari, na Njaanuari imekaa langoni inasubiri zamu yake na karatasi ya karo mkononi. Leo majirani zetu Wamaragoli wako Mbale, hii ya Vihiga, kwenye tamasha lao la utamaduni, wanapiga ngoma, wanaonyesha vyakula vya asili. Nilialikwa. Nitakwenda kuonyesha nini? Utamaduni wangu uliliwa jana saa nane na dakika 12.

Kifunguamimba wangu, yule yule wa sambaza, ndiye aliyenishawishi kufuga kware, ule mwaka nchi nzima ilipopagawa. Yai la kware lilikuwa linauzwa ghali kuliko la kuku, eti linatibu kila kitu. Nikajenga vizimba, nikatafuta leseni ya wanyamapori, mimi mstaafu, kwa ndege anayetosha kwenye kiganja. Kabla 2014 haijafika katikati, hakuna aliyetaka hata kuyapewa bure. Tulikula kware mpaka wajukuu wakaanza kukohoa kama kware. Na mnajua firigisi ya kware ikoje? Kama punje ya mahindi. Nilikuwa nazo 200, hakuna aliyeniibia hata moja.

Amebaki jogoo mmoja, yule mwekundu wa Mwaka Mpya. Amepita hapa sasa hivi, ananitazama kwa jicho moja. Nimeamua. Huyu nitamchinja mwenyewe, nitamnyonyoa mwenyewe, nitampika mwenyewe, hapa hapa chini ya mparachichi, na mtu asikanyage. Kuni ninazo. Sufuria nimeificha. Mafuta nimetuma mtoto. Vitunguu nimeona vilipo.

Mama watoto! We mama watoto! Chumvi hukaa wapi?