Mbegu ya Mahindi Haichoki, Hubanwa

Kila masika yanapokaribia, kwenye maduka ya pembejeo ya Muheza, Korogwe na Handeni, mkoani Tanga, huzuka ubishi ule ule. Mmoja anasema mbegu ya kienyeji ndiyo ya asili, wazee wametuachia, tusiiguse. Mwenzake anamjibu kwamba mbegu hiyo imechoka, itupwe, anunue chotara ya dukani, yaani mbegu iliyozalishwa kwa kuchanganya wazazi maalumu. Kila mmoja ana haki yake. Ila anayeonewa zaidi ni yule mwenye mbegu yake ya kienyeji darini juu ya moshi wa jiko, na sehemu ya kuonewa kwake hujiletea mwenyewe kwa kushika hoja dhaifu.

Hoja hiyo dhaifu ni neno "asili". Zao lenyewe limetoka mbali. Mzazi wake ni teosinte, nyasi ya mwituni ya bonde la mto Balsas, kusini-magharibi mwa Mexico, na watu wa huko walianza kuilea yapata miaka 9,000 iliyopita. Teosinte ina matawi mengi kama kichaka, na kihindi chake kina punje chache tu, kila moja imefungiwa ndani ya ganda gumu. Badiliko kwenye jeni iitwayo tb1 liliondoa kichaka likasimamisha shina moja. Jingine, kwenye tga1, liliivua punje lile ganda. Na hata huko kwao mahindi hayakukaa safi. Utafiti uliochapishwa 2023 ulionyesha kwamba karibu sehemu moja ya tano ya vinasaba vya mahindi ya leo imetoka kwa teosinte ya pili, ile ya milimani. Mahindi tunayoyajua yametokana na mchanganyiko tangu zamani.

Mchanganyiko huo unaendelea mpaka leo Tanga. Menya hindi jeupe la kienyeji lililoota karibu na shamba la njano: mara nyingi utakuta punje tatu nne za njano katikati ya nyeupe. Hindi halijaugua. Sehemu ya wanga ndani ya punje hupata vinasaba vya mama na vya baba pia, na rangi ya njano huishinda nyeupe, kwa hiyo chavua iliyopeperuka kutoka kwa jirani huonekana msimu ule ule. Jirani akipanda nyeupe vilevile, chavua yake inaingia bila kuacha alama. Ndiyo maana mbegu inayoitwa ya kienyeji Muheza leo imekwisha kunywa damu ya mbegu bora za utafiti: ya Staha iliyotolewa 1983, ya TMV-1 ya 1987, na ya chotara zilizopita hapo katikati. Anayeitupa kama masalia ya kale hajui anatupa nini.

Ugonjwa ulioonyesha thamani ya mbegu kama hii ulichunguzwa karibu kabisa na hapa. Milimani Amani, Usambara ya Mashariki, mtafiti H. H. Storey alifanya kazi juu ya virusi vya milia ya mahindi, ugonjwa unaochora mistari iliyopauka kwenye majani. Mwaka 1932 alionyesha kwamba kati ya vidudu wadogo warukao majani wanaoueneza ugonjwa huo, wapo wanaoweza kuubeba na wapo wasioweza, na kwamba uwezo huo hurithiwa. Sasa angalia: milia ni ugonjwa wa Afrika na visiwa vya jirani vya Bahari ya Hindi. Mexico, kwao mahindi, haupo. Teosinte haikupimwa nao kamwe. Ukinzani ambao watafiti waliutumia sana kuzalisha mbegu za kustahimili milia ulipatikana kwenye mahindi ya punje ngumu ya wakulima wa kisiwa cha Réunion, yaliyoishi na ugonjwa huo. Mgeni aliyekaa vya kutosha na adui wa hapa alikuwa na dawa ambayo nyumbani kwao haikuwahi kuhitajika. Hii ndiyo hoja ya mwenye mbegu ya darini, na ina nguvu kuliko neno "asili".

Upande wa chotara nao usipuuzwe. Mwenye mbolea, palizi ya wakati na mvua ya kutosha atavuna zaidi kwa chotara, na mashina marefu ya kienyeji huanguka upepo ukija. Kosa lipo mtu anapopanda tena punje alizovuna kutoka kwa chotara. Chotara ya wazazi wawili waliosafishwa, yaani waliochavushwa wenyewe kwa wenyewe mpaka wakafanana, hupoteza nusu ya nguvu yake ya uchotara, ile ziada iletwayo na kuchanganya, kwenye kizazi kinachofuata. Ya wazazi watatu, theluthi. Ya wazazi wanne, robo. Shamba la mwaka wa pili likiwa na mashina marefu kwa mafupi, watu husema mbegu imechoka, na lawama hiyo huangukia hata mbegu ya kienyeji ambayo haikuhusika.

Kienyeji kina namna yake ya kudhoofika, nayo ndiyo isiyoelezwa: hubanwa, hupitishwa kwenye mama wachache mno. Mavuno yakishaingia ndani, mtu huchagua mahindi matano makubwa kupita yote na kuyafanya mzizi wa mbegu yake. Inaonekana busara. Tuhesabu. Mama ni watano, chavua imetoka shamba zima: kwa hesabu za vinasaba, kundi hilo linapoteza utofauti kama kundi la mimea 20 tu. Kila msimu linapoteza asilimia 2.5 ya utofauti wake. Ukipanda masika na vuli, misimu 20 ni miaka kumi tu, na kufikia hapo asilimia 40 imekwenda. Mahindi yanachavushana ndugu kwa ndugu: mashina yanapungua unene, punje zinaacha mapengo kwenye gunzi, ndevu zinachelewa mbelewele ikiwa imeshamwaga chavua. Mkulima wa robo eka, anayehitaji punje za mahindi 15 hivi, atapoteza asilimia 15 kwa muda huo huo. Anayechukua mahindi 60, kiasi cha kutosha eka nzima kwa nafasi ya sentimeta 75 kwa 30, atapoteza asilimia 4 tu. Mahali ni pale pale, ukame ule ule, na tofauti yote imetokana na idadi ya mahindi yaliyochaguliwa. Kama jirani anabadilishana naye debe la mbegu mara moja moja, hata hiyo asilimia 4 hupungua.

Kwa hiyo anayetaka kuitunza mbegu yake achague shambani, mimea ikiwa bado imesimama. Apite mistari ya kati na kuacha ya pembeni, kwa sababu shina la pembeni hunenepa kwa nafasi na mwanga kuliko kwa damu. Afunge kamba kwenye mashina 60 au zaidi, yaliyotawanyika shamba zima, yasiyo na milia, ambayo maganda yamefunika hindi mpaka ncha, kwani hindi lililo wazi ndilo fukusi huliingia kwanza likiwa bado shambani. Baada ya kukausha, apukuchue punje za katikati ya gunzi, aache za ncha na za kitako. Halafu achukue kiasi sawa cha punje kutoka kila hindi, hata kwenye yale madogo. Hindi moja kubwa likimwaga punje zote 500 ndani ya debe, ile hesabu ya 60 inaanza kurudi kwenye tano. Wiki mbili kabla ya mvua ahesabu punje 100, azifunge kwenye kitambaa kibichi, na zikichipua chini ya 85 aongeze punje kwenye kila shimo, au aombe mbegu ya jirani aliyechagua namna hiyo hiyo.