Masega ya Land Cruiser la zamani: kuyatoa au kuyaacha?

Ukifika gereji na Land Cruiser la petroli la miaka ya 1990 ukalalamika kwamba halivuti, jibu huwa moja: "Masega yameziba, tuyatoe." Masega ni kile kifaa cha kusafisha moshi (catalytic converter) kilicho kwenye bomba la eksozi. Fundi anafungua eksozi, anapasua lile tumbo la chuma chini ya gari, anagonga masega mpaka yatoke vipande vipande, kisha anachomelea bomba tupu. Gari linarudi na nguvu zake. Wewe unaondoka umeridhika, na mara nyingi masega yanabaki gereji, ambako yana wanunuzi, kwa kuwa yamepakwa platinamu, paladiamu na rodiamu. Tuanzie hapo: anayekushauri uyatoe ananufaika yakitoka.

Hata hivyo hoja yake ina uzito. Masega ni kauri yenye vijitundu vingi vyembamba, na injini ya petroli ya Land Cruiser hizo, 1FZ-FE ya lita 4.5, iliyotembea miaka 30 imeshayapitishia moshi mwingi mno. Kauri ikiyeyuka, moshi unakosa pa kutokea, injini inakabwa, joto linapanda, na mlima wa Kitonga unakuwa adhabu. Gari la porini linateseka zaidi. Linaingia mtoni eksozi ikiwa na joto la mamia ya nyuzi, maji ya baridi yanaipiga na kauri inaweza kupasuka. Kiangazi, nyasi kavu zikijikusanya chini ya gari zinaweza kushika moto. Masega mapya ya kiwandani ni ghali, na yale ya bei rahisi mara nyingi yana madini kidogo, hayadumu.

Lakini masega hayajizibi. Plagi ikikosa cheche, petroli isiyoungua inakwenda kuungulia ndani yake na kuyayeyusha. Injini inayokula oili inayapaka masizi. Ukiyatoa bila kutafuta chanzo, ugonjwa umeuacha ndani ya injini na umeondoa dalili tu. Tena kuna kipimo cha dakika chache ambacho wateja wengi hawajui kukidai: fundi anafungua sensa ya oksijeni ya mbele, anafunga geji ya presha mahali pake, anapandisha injini hadi mizunguko 2,500 kwa dakika. Geji ikizidi takribani psi 3, njia imebanwa kweli. Ikiwa chini ya hapo, masega yanasingiziwa. Kuyatoa yakiwa mazima kunaongeza nguvu kidogo ambayo dereva haisikii. Anachosikia ni kelele.

Jambo linalonielemea mimi ni hewa ndani ya gari. Masega mazima, yakishapata moto na injini ikiwa sawa, yanaweza kuondoa zaidi ya asilimia 90 ya kaboni monoksidi, hewa inayoua na ambayo haina rangi wala harufu. Sasa litazame Land Cruiser lenye miaka 30: mpira wa mlango wa nyuma umekauka, eksozi imechomelewa mara tatu, na safari ya usiku watoto wamelala siti ya nyuma. Ufa mdogo wa bomba ambao kabla haukuwa na hatari kubwa, baada ya masega kutoka ni hatari.

Wapo wanaouliza: mbona Land Cruiser za injini ya dizeli ya 1HZ zimezunguka Serengeti miaka yote bila masega? Ni kweli, ziliundwa hivyo. Hata 1FZ-F, injini ya petroli ya kabureta, iliuzwa kwenye baadhi ya masoko bila masega, na mwenye gari la namna hiyo hana kosa lolote. Ila enzi hizo petroli yenye madini ya risasi ilikuwa bado inauzwa Afrika, na risasi huyaua masega. Kuyafunga kungekuwa kazi bure. Nchi za kusini mwa Sahara ziliachana na petroli hiyo kufikia mwanzoni mwa 2006, kwa hiyo kisingizio hicho kimekwisha. Na haya tunayoyaita magari ya porini, mengi hulala mjini. Yanashinda kwenye foleni ya Morogoro Road, na nyuma ya bomba yupo dereva wa bodaboda na abiria wake.

Kwa hiyo kama masega yanapitisha moshi, yaache. Kama geji imethibitisha yameziba na mfuko hauruhusu mengine kwa sasa, sitamlaumu anayeweka bomba tupu, ila kwanza amalize habari ya plagi na oili. Bomba litoke nje kabisa kupita bampa la nyuma, viungo vikaguliwe kama vinavuja, na liungwe kwa flanji za bolti badala ya kuchomelewa moja kwa moja, ili siku ukipata masega mengine yafungwe bila kukata kitu. Na yale ya zamani, hata yakiwa vipande, mwambie fundi akukabidhi mkononi kabla hujalipa.