Fundi, usimwambie mwalimu anunue kompyuta mpya

Kuna maneno yananiudhi kuliko yote katika kazi yetu hii ya ufundi: "Hii mashine imeshachoka, mama, tafuta nyingine tu." Wiki hii nimeyasikia tena. Aliyeambiwa ni mwalimu wa sekondari, mama mtu mzima, na aliyemwambia ni fundi mwenzetu mwenye duka Kariakoo, lenye kompyuta za mtumba zilizopangwa mpaka mlangoni. Akamwonyesha na ya kununua. Kwangu mama hakuja kutengeneza kitu. Alikuja kuuliza kama bei aliyotajiwa ni ya haki.

"Shikamoo mama. Hiyo ya zamani unayo hapo?"

"Marahaba baba. Ninayo, ila wameshasema imekufa."

"Haiwaki kabisa?"

"Inawaka. Lakini ukishaiwasha, nenda kainjike chai kwanza."

HP EliteBook 840 G2. Prosesa i5 ya kizazi cha tano, RAM (kumbukumbu ya kazi) GB 8, kioo kisafi, kibodi haijapoteza hata herufi moja. Nikaiwasha, nikasubiri, nikafungua Task Manager, dirisha la Windows linaloonyesha kila kifaa kimebanwa kiasi gani. Prosesa asilimia 6. RAM asilimia 38. Diski asilimia 100, na haishuki, wakati mwenyewe hajafungua programu hata moja. Kila fundi anayesoma hapa ameiona picha hiyo mara nyingi mno na anajua inasema nini: diski ndiyo inayochelewesha, mashine ni nzima. Kwa hiyo mtu aliyeiona akamwambia mwalimu mashine imekufa, sina namna ya kumtetea.

Tuambiane ukweli. Hadidiski nyingi za kompyuta mpakato, zile diski za zamani za kuhifadhia mafaili, zina sahani inayozunguka mara 5400 kwa dakika. Mzunguko mmoja ni kama milisekunde 11. Ili kusoma kipande kimoja cha faili, kichwa cha kusomea kisogee hadi kwenye mstari wake, kisha kingoje sahani izunguke mpaka kipande kifike chini yake. Ukipiga hesabu unapata usomaji usiozidi mia moja hivi kwa sekunde, pale vipande vinapokuwa vimetawanyika. Na Windows inapowaka haisomi faili moja kubwa lililonyooka. Inasoma maelfu ya vipande vidogo vidogo, huku kinga ya virusi nayo inataka kukagua, na masasisho nayo yanataka kupakuliwa. Hadidiski inakuwa kama karani wa masijala anayetumwa kabatini kwa karatasi moja, akirudi anatumwa nyingine, huku foleni mlangoni inazidi kurefuka. Prosesa imekaa inangoja. RAM imekaa inangoja. Mwalimu amekaa anangoja.

SSD, diski ya kisasa inayohifadhi mafaili kwenye chipu, haina sahani wala kichwa. Hata ile ya kawaida ya SATA, inayochomekwa pale pale ilipokuwa hadidiski, inasoma vipande vidogo makumi ya maelfu kwa sekunde. Ndiyo maana nawaambia wateja wasipumbazwe na ile MB 550 kwa sekunde inayoandikwa kwenye boksi. Hiyo ni kasi ya kunakili filamu. Kinachomfanya mtu aone kompyuta imefufuka ni vile vipande vidogo. Kwa sababu hiyo hiyo, mwenye nafasi ya SATA tu asione amekosa kitu kwa sababu jirani ana NVMe, aina ya SSD yenye kasi zaidi, ya MB 3500 kwa sekunde. Hatua kubwa ni kutoka kwenye sahani.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe lililonifanya niandike. Wapo mafundi wanaokubali kuweka SSD, na nawashukuru. Lakini wengi wao wakishaifunga wanapiga Windows upya, wanamrudishia mtu mashine tupu, halafu wanaita hiyo ni huduma. Jamani, kwa nini?

Mwalimu huyu ana mitihani ya miaka mingi humo ndani. Ana jedwali la Excel la alama lililotengenezwa na mwenzake ambaye ameshahamishwa mkoa mwingine. Ana printa iliyomsumbua mpaka ikakubali. Ana nywila alizozihifadhi kwenye kivinjari na hazikumbuki tena, ikiwemo ya barua pepe ambayo laini yake ya simu ilishafungwa. Ukipiga Windows upya, hata ukimnakilia folda ya Documents, umemtupia kazi ya wiki nzima ambayo hakuiomba, na vingine havirudi. Ofisi ndogo ndizo zinazoumia zaidi: programu ya mahesabu iliyolipiwa, iliyofungwa kwenye mashine na mtu ambaye hata namba yake haipo. Haya yote unayafuta kwa sababu tu kupiga Windows ndiyo kazi uliyoizoea?

Kuhamisha mfumo mzima hakuhitaji uchawi. Adapta ya USB kwenda SATA, SSD, na Clonezilla, programu ya kunakili diski ambayo ni ya bure. Anza kwa kukagua afya ya diski ya zamani, maana ikiwa na sehemu mbovu nyingi, kuokoa mafaili kunatangulia kila kitu. BitLocker, ile kufuli ya Windows inayofunga diski kwa siri, ikiwa imewashwa, isimamishe, na hakikisha mteja anao ule ufunguo wenye tarakimu 48. Kisha nakili diski yote, si C (sehemu yenye Windows na mafaili) peke yake. Hapa ndipo wengi wanapokwama: wanahamisha C, wanaacha ile sehemu ndogo ya EFI ya MB 100 hivi ambayo kompyuta huanzia kuwaka, halafu wanamwambia mteja SSD imekataa. SSD haijakataa. Hukuipa pa kuanzia.

SSD ikiwa ndogo kuliko diski ya zamani, kwa mfano unatoka GB 500 kwenda GB 240, Clonezilla kwa kawaida haitakubali mpaka upunguze C kwanza, na mafaili yenyewe yawe yanaenea. Ukimaliza, zima, toa diski ya zamani, ndipo uwashe kwa SSD peke yake. Ukiziacha zote mbili zimechomekwa, zina utambulisho mmoja, na Windows itaizima mojawapo. Wanaohofia leseni watulie: leseni ya kidijitali ya Windows inaitambua mashine hasa kwa bodi yake, kubadili diski peke yake kwa kawaida hakuipotezi.

Kwenye 840 G2 hata mfuniko wa chini hauhitaji bisibisi. Unasukuma kitasa, unateleza, diski hii hapa. Mashine imeundwa ifunguliwe, na fundi hakuifungua.

Nakubali, ingawa sipendi kukubali, kwamba zipo mashine ambazo hazina dawa hii. Zile za bei ya chini zenye hifadhi ya eMMC iliyochomelewa kwenye bodi, hakuna cha kuhamisha. Windows iliyojaa virusi nayo, piga upya, hiyo sibishani. RAM ya GB 4 itabaki kuwa ya GB 4. Na kizazi cha tano hakimo kwenye orodha ya Windows 11, huku Windows 10 ikiwa imefika mwisho wa msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo mwenye mashine lazima aambiwe hilo mapema, achague kama atahamia Linux, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows, au la. Lakini hata Linux utaifunga kwenye SSD, si kwenye sahani. Na tuwaambie pia kwamba SSD mara nyingi hufa bila kupiga kelele za kuonya kama hadidiski, kwa hiyo bakapu iko pale pale.

Sina ugomvi na anayeuza kompyuta za mtumba, nami nauza. Ninachopinga ni kumtoa mtu mshahara wake wa mwezi kwa tatizo ambalo SSD moja na mchana mmoja vinalimaliza.

Na wateja, jambo moja mlishike sana. Diski ya zamani ni yenu. Msiiache dukani hata mkiambiwa haina kazi. Humo mna mitihani, picha za watoto, nakala za vitambulisho, na ukifuta kwa haraka haraka, programu ya kurejesha mafaili inaweza kuvitoa. Iombeni mkabidhiwe mkononi pamoja na mashine, ikae wiki kadhaa bila kuguswa mpaka mhakikishe kila kitu kimehamia salama. Baada ya hapo mwambieni fundi aiweke kwenye kasha la USB, muifanye diski ya bakapu. Fundi akisita kuwarudishia, muulizeni anaitakia nini.