Kozi Ikizama Bado Iko Ziwani

"Kozi imezama, sasa shida iko wapi?" Hivyo ndivyo alivyojibiwa mzee mmoja wa Kamere, Naivasha, na vijana wa kwetu Nairobi, wachezaji wa slalom ya ski za majini, waliokuwa wakipandisha boti yao kwenye trela. Mzee alikuwa ameshika wavu uliopasuka, tundu linapitisha mkono hadi kwenye kiwiko, na kwenye nyuzi kulikuwa kumenasa kipande cha kamba ya boya. Niliyaona haya kwa macho yangu na hasira haijanitoka.

Mchezo wenyewe naupenda. Kozi ni njia ya maboya: sita ya kuzunguka, matatu kila upande, mita 11.5 kutoka mstari wa katikati. Boti inanyoosha mita 259, nawe nyuma yake, umeshika kamba juu ya ski, unakata maji huku na huku; kwa wanaume kasi inafika kilomita 58 kwa saa. Na kozi ya kuzamisha ni jambo jema katika ziwa la umma. Ukisukuma hewa kwenye mabomba, maboya yanaibuka. Ukiitoa, maji yanaingia, kozi nzima inashuka na boti za watalii zinapita juu salama. Maboya ya kuelea mchana na usiku siyataki kabisa.

Lakini kushuka si kuondoka. Huko chini kumebaki nanga, waya na mabomba, robo kilomita nzima. Boti haivigusi. Wavu wenye vizito unavifikia. Tena mvuvi hutega jioni na kutoa nyavu alfajiri, na alfajiri ndiyo saa tunayoitaka sisi, maana upepo wa mchana ukishaanza Naivasha maji hayatulii tena. Basi tunakutana saa ileile, mahali palepale: sisi tumekuja kucheza, mwenzetu karo ya watoto iko kwenye wavu ule. Atakayetega bila kujua kozi iko wapi atapata hasara, na aliyeificha pale ndiye mwenye kuilipa.

Najua wapo wavuvi wanaotega ovyo hadi kwenye njia za boti. Hilo ni lao na BMU yao, yaani kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo. Halitupi ruhusa ya kuweka waya chini ya maji kimyakimya.

Nairobi tulikuwa na maji yetu. Nairobi Dam, lililojengwa 1953, watu walikuwa wakiendesha mashua za tanga pale. Leo ni magugu maji na uchafu. Tumeliacha letu likafa, na sasa tunaingia kwenye ziwa linalolisha wengine bila hata kubisha hodi.

Kaeni na BMU ya Kamere au Karagita kabla ya kushusha nanga. Waonyesheni kozi inaanzia wapi na kuishia wapi, kisha subirini nyavu zitolewe ndipo muiinue. Wavu ukipasuka, lipeni siku hiyohiyo. Mkipumzika hata kwa chai tu, izamisheni, kwa sababu upepo ukileta kisiwa cha magugu kikanasa kwenye maboya, kitaiburuta kozi pamoja na nanga zake. Na mpime kina kila mara. Ziwa hili limepanda hadi likaingia nyumba za watu Kihoto. Kamba za mwaka juzi hazitatosha. Anayeona kazi hii ni nyingi asiweke kozi Naivasha.