Bampa Imepona, Shingo Je?

Gari limesimama kwenye foleni, linagongwa kwa nyuma. Bampa imekwaruzika tu. Asubuhi ya pili dereva anaamka shingo imekakamaa, na baadaye anafungua kesi ya madai. Wakili wa upande wa bima anatoa picha ya bampa na kuuliza: hapo mtu ameumiaje?

Ni swali halali. Maumivu ya shingo ya namna hii mara nyingi hayaonekani kwenye eksirei wala MRI, hivyo daktari hutegemea sana maelezo ya mgonjwa, ambaye ndiye anayesubiri kulipwa. Mwaka 1996 ulichapishwa utafiti kutoka Lithuania, ambako wakati huo wenye bima walikuwa wachache. Waliogongwa kwa nyuma hawakuonekana kuwa na maumivu sugu zaidi kuliko wasiogongwa. Mawakili wa utetezi wanaupenda utafiti huo, kwani unawapa hoja kwamba pasipo fidia ya kudai, maumivu sugu nayo hayapo. Ila ulipima kundi, tena dogo kiasi cha kukosolewa na watafiti wengine. Hauwezi kumwambia hakimu kama huyu aliye kizimbani anasema kweli.

Picha ya bampa nayo haimwambii. Bampa imeundwa ihimili mgongano wa mwendo mdogo bila kubonyea. Uzima wake hauelezi shingo ilirushwa vipi. Baadhi ya mahakama za Ujerumani zilikuwa zimejiwekea mpaka: mwendo wa gari usipobadilika kwa zaidi ya kilomita 10 kwa saa, hakuna jeraha. Januari 2003 mahakama ya juu ya nchi hiyo katika mashauri ya madai ilikataa kipimo hicho kutumika peke yake, kwa kuwa hata namna mtu alivyokaa kitini ina uzito wake. Naona ilikuwa sahihi kabisa.

Hata hivyo, mzigo wa kuthibitisha unabaki kwa mdai, na hapa ndipo wengi wenye maumivu ya kweli huangukia. Anakwenda kwa daktari baada ya wiki sita. Anamweleza daktari hivi, polisi vile. Linaloumiza zaidi ni kuficha maumivu ya zamani. Katika nchi zinazofuata sheria ya Kiingereza, mdaiwa humpokea mdai jinsi alivyo, na shingo iliyokuwa dhaifu haimwondolei dhima, ingawa atalipia madhara aliyoongeza yeye tu. Kwa hiyo ukweli ungemsaidia mdai. Uongo ukifichuliwa na faili la hospitali wakati mdai anahojiwa mahakamani na wakili wa upande wa pili, hata yale ya kweli aliyosema hayaaminiki tena.

England na Wales, tangu 31 Mei 2021, madai haya yana viwango maalumu vya fidia, na ni marufuku kuyamaliza bila ripoti ya daktari. Viwango naona ni vya chini mno: vilianzia paundi 240 kwa maumivu yasiyozidi miezi mitatu. Lakini marufuku hiyo naiunga mkono kwa moyo wote, maana inamzuia mwongo kulipwa haraka ili anyamaze, na inamzuia bima kumpa mgonjwa pesa kidogo kabla hajajua ameumia kiasi gani.